Wasomaji Wanauliza: Stima Beaver, kuni, chumvi na miaka 52 ya kibarua

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu stima ya mbao inaitwa Beaver, ile iliyofanya kazi pwani ya magharibi ya huko ambako leo ni Canada na Marekani, basi meseji zikamiminika kuliko nilivyotegemea, mwezi huu nimeona safu yote niwape watu wa stima. Meseji ndefu nimezipunguza kidogo, mnivumilie.

Shikamoo mjomba. Mi mtu wa Mombasa ila naishi Vancouver mwaka wa ngapi sijui. Tukienda Stanley Park na watoto tunapita Prospect Point, karibu na lile daraja kubwa, kuna kumbukumbu ya hiyo Beaver kwamba ilivunjikia hapo chini. Wananiuliza ilikuwa ya nani na ilikuwa inafanya nini, nabaki kutoa macho. Nisaidie. (Mama Watoto, Vancouver)

Marahaba mwanangu. Waambie ilikuwa mali ya Hudson's Bay Company, kampuni ya Waingereza iliyokuwa inanunua ngozi za wanyama wenye manyoya, na ilikuwa ndo stima ya kwanza kufanya kazi kwenye pwani hiyo ya kaskazini-magharibi ya Amerika. Iliundwa London, Blackwall kando ya mto Thames, ikashushwa majini mwaka 1835. Sio kubwa, urefu futi 101 tu, yani kama mita 31, upana wa bodi futi 20 lakini ukihesabu na yale magurudumu ya makafi ya kulia na kushoto inafika futi 33, kwaiyo ukiiona kwa mbele ni kama mtu mwembamba kabeba ndoo mbili. Injini mbili za Boulton & Watt, kampuni ya James Watt mwenyewe ingawa yeye alikuwa ameshafariki tangu 1819, na kila injini walikuwa wanaihesabia nguvu za farasi 35.

Sasa cha kuchekesha, safari yake ya kwanza haikutumia stimu hata kidogo. Ilitoka London mwishoni mwa Agosti 1835 na matanga, milingoti miwili, makafi yamefungwa vizuri kwenye shehena, injini na boila zimekaa tu pale chini kama mizigo mingine, maana kuzunguka Cape Horn kule kusini kabisa ya Amerika ya Kusini kwa makaa ya mawe haiwezekani, utayabeba wapi? Ikapita Honolulu, ikafika Fort Vancouver mwezi Aprili 1836. Na hapo mama watoto angalia usije ukawachanganya watoto, Fort Vancouver sio huo mji wenu, ni boma la kampuni lililokuwa kando ya mto Columbia, leo liko jimbo la Washington upande wa Marekani. Pale ndipo mafundi wakafunga magurudumu, wakawasha moto mwezi Mei, na mwezi Juni wakapakia mabibi na mabwana wa boma na wageni wao, akiwemo mchungaji mmoja Mmarekani anaitwa Samuel Parker, wakawapeleka kutembea mtoni. Baada ya hapo hakuna tena matembezi, ni kazi tu mpaka 1888.

Kazi yenyewe ilibadilika badilika. Kwanza ni duka linaloelea, linazunguka kwenye vijito vya bahari na visiwa kununua ngozi na kuuza mablanketi, bunduki, vitambaa, tumbaku. Ndo iliyombeba James Douglas, mmoja wa wakubwa wa kampuni, mwezi Machi 1843 alipokwenda kuanzisha Fort Victoria, na huo mji wa Victoria mnaokwenda kwa feri wikiendi ulianzia hapo. Kuanzia 1863 mpaka 1870 jeshi la majini la Uingereza likaikodi kupima vina vya bahari na kuchora ramani, afisa alikuwa anaitwa Daniel Pender, kwaiyo mkisikia Pender Island na Pender Harbour ni huyo huyo. Halafu 1874 kampuni ikaiuza kwa wafanyabiashara wa Victoria, ikawa ya kuvuta magogo na meli zingine, kubeba chochote kilicholipiwa. Ilianza kama fahari ya kampuni ikamalizia kama punda wa bandarini, na mimi kwa mtazamo wangu huo mwisho ndo unaonyesha jinsi ilivyoundwa vizuri, maana meli ya mbao kuchapwa kazi hivyo zaidi ya nusu karne sio mchezo.

Mzee mwenzangu, nimechochea boila la kiwanda cha mkonge miaka mingi na maji tuliyotumia ni ya kisima na bado ukoko ulikuwa unatutesa. Umesema hii stima ilikuwa inatumia maji ya bahari. Kivipi? Boila si litakufa? (Mstaafu, Tanga)

Hili swali nimelipenda maana limeulizwa na mtu aliyeungua mikono. Ndio, maji ya chumvi moja kwa moja kutoka baharini, na ndio, boila lilikuwa linakufa.

Iko hivi. Stima za wakati ule zilifanya kazi kwa presha ndogo mno, paundi chache tu kwa inchi moja ya mraba, yani pungufu ya upepo wa tairi la baiskeli. Kazi kubwa haikufanywa na stimu kusukuma, ilifanywa na stimu kufa. Unaingiza stimu kwenye silinda, halafu unaitoa kwenda kwenye chumba cha pembeni, pale inapigwa na maji baridi ya bahari inageuka maji ghafla, inabaki ombwe, na ombwe hilo ndo linavuta pistoni, likisaidiwa na stimu iliyoko upande wa pili wa pistoni. Ndo maana silinda zilikuwa kubwa kama mapipa, za Beaver zilikuwa na upana wa zaidi ya mita moja, wakati nguvu yenyewe leo unaipata kwenye injini ya gari dogo la kawaida.

Sasa tatizo lako la ukoko linaanzia hapo hapo. Yale maji baridi yanayopiga stimu ni ya bahari, kwaiyo hata stimu iliyokuwa maji safi ikishageuka inachanganyikana na chumvi, huwezi kuirudisha boilani ikiwa safi. Alikuwepo mtu anaitwa Samuel Hall, Mwingereza, mwaka 1834 alishapata hati ya uvumbuzi (patent) ya kondensa ambayo stimu inapoa kwenye mirija bila kugusana na maji ya bahari, lakini kitu hicho hakikukubalika haraka, meli nyingi ziliendelea na mtindo wa zamani kwa miaka mingi. Kwaiyo fundi anaingiza maji ya chumvi, yanachemka, stimu inatoka, chumvi inabaki. Saa zinavyokwenda yale maji yanazidi kuwa mazito mpaka chumvi inaanza kuganda kwenye mabati, na wewe mzee unajua kuliko mimi kinachofuata, bati lililofunikwa na ukoko maji hayaligusi tena, linapata moto peke yake, linalainika, linavimba, siku moja linaachia.

Dawa ilikuwa kufungua valvu ya chini kila baada ya muda na kumwaga sehemu ya yale maji mazito baharini, halafu unajaza mapya. Lakini hesabu hapo. Maji unayomwaga yameshachemka, umeshayaunguzia kuni, unayatupa, na unayoingiza ni ya baridi unaanza upya. Yani chumvi ilikuwa inakula kuni. Fundi mvivu wa kumwaga anaua boila, fundi mwoga anayemwaga kila saa anamaliza kuni kabla ya jioni, na ustadi wote wa kazi ulikuwa hapo katikati. Zikifika mahali pa kupumzika moto unazimwa, mtu anaingia ndani na patasi na nyundo kugonga ukoko, kwenye giza, amejikunja. Na pamoja na yote hayo boila la maji ya chumvi halikai, Beaver ilibadilishiwa boila zaidi ya mara moja katika maisha yake huku injini zikiendelea.

Kwanini magurudumu pembeni na sio propela kama meli za kawaida? Mwalimu wetu alisema ni kwa sababu walikuwa hawajaendelea. (Form Three, Mwanza)

Mwalimu hajakosea sana ila amefupisha mno. Beaver iliposhushwa majini 1835 propela inayofaa kazi ilikuwa bado haijatoka, Francis Pettit Smith wa Uingereza na John Ericsson mzaliwa wa Sweden walipata hati zao mwaka 1836, mwaka unaofuata. Hata ilipotoka watu walibishana, mpaka Aprili 1845 jeshi la majini la Uingereza likazifunga meli mbili matako kwa matako, Rattler ya propela na Alecto ya magurudumu, kila moja ikavuta upande wake, Rattler ikaiburuta mwenzake kinyumenyume. Kwaiyo aliyeagiza stima 1835 hakuwa na chaguo.

Lakini magurudumu nayo yana sifa zake bwana mdogo. Hayahitaji maji ya kina kirefu, yanasogea hapo hapo juu ya uso wa maji, kwaiyo unaingia mtoni na kwenye vijito ambako propela ingegonga mchanga. Kafi likivunjika fundi seremala anachonga lingine kwa mti wa ufukweni, propela ikivunjika utafanya nini mbali na karakana? Shida yake ni mawimbi, meli ikilala upande mmoja gurudumu moja linazama sana na lingine linapiga hewa, injini inashtuka. Tena meli ikiwa imejaa mzigo makafi yanazama kupita kiasi, ikiwa tupu hayashiki maji vizuri. Kwenye maji yaliyokingwa na visiwa kama ya British Columbia hayo hayakuwa tatizo sana, kwenye bahari kuu ndo balaa.

Na kwa swali lako la pili kwanini mbao na sio chuma: stima ya chuma ilikuwepo, Aaron Manby ilivuka kutoka Uingereza kwenda Ufaransa mwaka 1822, ila chuma kinaichanganya dira, mpaka 1838 mwanasayansi George Airy alipoonyesha namna ya kuirekebisha. Mbao inapakwa, inazibwa, inatengenezeka popote penye msitu, na chini unaifunika kwa mabati ya shaba ili wadudu wa baharini wasiitoboe. Beaver ilikuwa na shaba yake.

Mjomba, hizo kuni alikuwa anakata nani? Maana umeandika toleo lililopita "ilikuwa inakula kuni" ukapita zako. Nilifanya kazi ya mkaa, najua kuni hazijikati. (Kigoma)

Umenibana pazuri kaka yangu. Ndani ya Beaver kulikuwa na watu kama 30, na ukiwagawa kwa kazi zao kundi kubwa kuliko yote sio mabaharia wala mafundi, ni wakata kuni. Stima ya kwanza ya kisasa kabisa kwenye pwani ile, fahari ya London, na nusu ya safari yake ni watu wenye mashoka.

Chukulia siku moja. Asubuhi wanachochea, na kuwasha boila baridi sio kuwasha jiko la gesi, ni saa kadhaa kabla maji hayajachemka. Wanatembea kutwa, spidi maili nane au tisa kwa saa pakiwa shwari, sitaha imejaa magogo hata pa kupita hakuna. Mti wenyewe ni wa jamii ya msonobari na mwerezi, mingine minene watu kadhaa hawaizungushii mikono, na pwani ile mvua inanyesha karibu mwaka mzima kwaiyo kuni ni mbichi na zimeloa, zinatoa moshi na utomvu kuliko moto. Wachochea moto wanne wanapokezana chini kule kwenye joto na majivu. Kuni zikipungua nahodha anatafuta mahali palipokingwa anatia nanga, mashua inashushwa, wakata kuni wanakwenda ufukweni na mashoka na misumeno, wanaangusha, wanakata vipande vinavyoingia mlangoni mwa boila, wanapasua, wanapakia mashuani, wanapiga makasia kurudi melini, wanapandisha sitahani, wanarudi tena. Ikitembea siku moja inasimama siku moja hata zaidi kukusanya kuni za kutembea tena. George Simpson, bosi mkubwa wa kampuni huku Amerika, alipanda Beaver mwaka 1841 kwenda kaskazini kwa Warusi waliokuwa wanatawala Alaska, na hata yeye bosi ilibidi akae asubiri kuni kama abiria wa basi lililoharibika.

Waliokata walikuwa watu wa kutoka kila kona. Kampuni ile ilikuwa inaajiri Waskoti wa visiwa vya Orkney, Wafaransa wa Canada, na Wahawaii wengi sana waliochukuliwa Honolulu kwa mikataba, na Wahawaii walifanya kazi kwenye meli za kampuni pamoja na hii. Nidhamu ilikuwa ya fimbo. Tangu 1837 nahodha alikuwa William Henry McNeill, Mmarekani wa Boston ambaye kabla ya hapo alikuwa mshindani wa kampuni mpaka wakanunua meli yake pamoja na yeye mwenyewe. Mtu wa bahari hasa, anaijua pwani ile kama sebule yake, mkewe alikuwa mwanamke wa kabila la Haida anaitwa Matilda, ila mkono wake mwepesi. Mwanzoni mwa 1838 alimchapa mchochea moto, na mafundi wa injini wakagoma, wakasema chini ya huyu nahodha hatuwashi injini. Meli ya matanga mabaharia wakigoma nahodha na maofisa wanaweza kujikokota, lakini stima bila fundi ni jengo tu. Kampuni iliwatuliza, McNeill akabaki na kazi yake, nadhani unajua mambo ya kampuni yanavyokwisha.

Ndo maana kampuni ilipopata habari kutoka kwa wenyeji kwamba kuna mawe meusi yanayowaka kule kisiwa cha Vancouver ilichangamka. Mwaka 1849 wakajenga Fort Rupert kwa ajili ya makaa ya mawe, 1852 wakahamia Nanaimo kwenye makaa mazuri zaidi. Makaa hayakumaliza habari ya kuni siku moja, lakini yalianza kuwapunguzia watu wa mashoka.

Hapa sijakuelewa mjomba. Unaisifia hii stima kama shujaa. Mi nasoma kwamba ilikuwa chombo cha wakoloni kuja kuwanyonya wenyeji. Mbona husemi? (Kisumu)

Nasema, wala sijisikii vibaya kuulizwa. Ilikuwa na mizinga minne, na biashara ilikuwa inafanyika huku mizinga inaonekana, wenyeji wanapandishwa sitahani wachache wachache kwa zamu. Mpaka 1842 pombe ilikuwa mojawapo ya bidhaa, mwaka huo ndipo Simpson na Warusi walipokubaliana kuacha kuuza pombe kwa wenyeji. Na Douglas alipokwenda Fort Langley tarehe 19 Novemba 1858 kutangaza koloni la British Columbia, Beaver ilikuwemo kwenye msafara. Hilo halifichiki.

Ila usiwafanye wenyeji watu wa kuonewa tu waliosimama ufukweni wanatetemeka. Watu wa pwani ile, Tsimshian, Haida, Tlingit, Heiltsuk, Kwakwaka'wakw, walikuwa wafanyabiashara kabla Mzungu hajafika, walishazoea kuwashindanisha Waingereza na meli za Boston ili bei ya ngozi ipande, na moja ya sababu kubwa za kampuni kuagiza stima ilikuwa hiyo hiyo, kuwapiku Wamarekani, kufika kila kijito bila kusubiri upepo. Habari ya yale makaa nayo waliitoa wao.

Na kuna kisa kimoja mi nakipenda kuliko vyote, kimeandikwa na John Dunn aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni. Watu wa Bella Bella baada ya kuiona Beaver waliwaambia Wazungu na sisi tunaweza kuunda ya kwetu. Wazungu wakacheka. Muda si mrefu wakatokea na mtumbwi wa mti mmoja, urefu kama futi 20 mpaka 30, wameuchimba, wameuwekea sitaha, wameupaka rangi nyeusi na madirisha ya mizinga ya kuchora, na pembeni kuna magurudumu ya makafi ambayo yanazungushwa na watu waliojificha chini ya sitaha. Ukawa unakwenda maili kama tatu kwa saa. Wao walidhani umbo la nje wameshakaribia kulipata ila mashine ya ndani iliwashinda, anasema Dunn, mi nafikiri wengine walikuwa wanawatania Wazungu pia, maana watu wanaozungusha gurudumu kwa mikono yao wanajua vizuri hakuna moto pale.

Huku kwetu stima za magurudumu zilifika? (Lindi)

Zilifika. Mwezi Machi 1861 David Livingstone aliingia mto Ruvuma na stima ya makafi inaitwa Pioneer, akapanda kama maili 30 hivi, maji yakaanza kupungua akaona atakwamishwa na mchanga akageuza. Kabla ya hapo kwenye Zambezi alikuwa na ndogo ya mabati membamba ya chuma cha pua, Ma Robert, ambayo ukisoma walivyoilalamikia utadhani wanasema Beaver, watu wanakata kuni siku nzima na zaidi ili itembee siku moja. Ilikwama kwenye mchanga ikaishia hapo Desemba 1860. Hiyo nayo siku nyingine.

Meli ya mbao na moto ndani yake, haikuungua? (Msomaji, Morogoro)

Beaver haikuungua. Zingine ziliungua vibaya. Phoenix ya ziwa Champlain, Marekani, iliteketea usiku wa Septemba 1819, chanzo ni mshumaa ulioachwa kwenye chumba cha vyakula, sio boila. Lexington, stima ya magurudumu ya New York, iliwaka tarehe 13 Januari 1840 na marobota ya pamba sitahani karibu na bomba la moshi, watu zaidi ya 130 walikufa kwenye maji ya baridi kali na walionusurika wanne tu. Ukifikiria Beaver ilivyokuwa inarundika kuni sitahani na cheche za kuni zinavyoruka, iliponea.

Basi ilikufaje? (wengi mmeuliza)

Kwa uzembe. Usiku wa tarehe 26 Julai 1888 nahodha George Marchant aliitoa bandari ya Burrard Inlet kule Vancouver, ikabana sana upande wa ufukwe kwenye ule mlango mwembamba wa bahari ambako maji yanakwenda kasi, ikapanda mwamba pale Prospect Point. Hakuna aliyekufa, walishuka wakatembea kwa miguu kurudi mjini, na stori za mjini tangu siku ile zinasema walikuwa wamelewa. Wenye meli hawakuona faida ya kuinasua. Ikakaa juu ya mwamba miaka minne, watu wanakwenda na mitumbwi kung'oa shaba, mbao, misumari, vipande vya injini, shaba ikayeyushwa ikawa medali za ukumbusho za kuuza. Julai 1892 ikapita Yosemite, stima kubwa ya magurudumu pembeni kama yenyewe, mawimbi yake yakaitikisa ikateleza ikazama. Boila lake lilinunuliwa likapelekwa Tacoma kwa Washington State Historical Society, na Vancouver Maritime Museum wana vitu vyake, kwaiyo mama watoto peleka watoto huko.

Mjomba swali la hela. Gharama yote hiyo, mafundi, boila, wakata kuni. Ilileta faida kweli au ilikuwa sifa? (Mhasibu, Arusha)

Hili walilipigania wenyewe mpaka wakachukiana. John McLoughlin, mkubwa wa Fort Vancouver, hakuitaka stima tangu mwanzo, alisema inakula pesa, maboma ya nchi kavu yanatosha, mtu anakaa pale pale na wenyeji wanamjua na meli ya matanga inaleta mizigo. Simpson alisema kinyume, boma linahitaji ukuta, walinzi, chakula mwaka mzima hata kama ngozi zinazoletwa ni chache, stima moja inazunguka kote inakusanya. Baada ya safari yake ya 1841 akaamua maboma yafungwe, Fort McLoughlin na lile la Taku yakafungwa 1843, wafanyakazi wao wakapelekwa kujenga Victoria.

Mi nikiangalia hesabu hiyo naona wote wawili walikuwa na kitu. McLoughlin alihesabu vizuri gharama ya stima, maana kundi zima la wakata kuni ni mishahara, chakula na mashoka, na boila jipya lazima litoke Uingereza kwa kuzunguka bara zima. Simpson alihesabu kitu ambacho hakionekani kwenye kitabu cha matumizi, kwamba Mmarekani akiona stima inaweza kufika kijito chochote leo na kesho upepo uwepo usiwepo, ataona bora akafanye biashara kwingine. Na kweli meli za Boston zilipungua pwani ile, ingawa ngozi zenyewe nazo zilikuwa zinaisha na hapo stima haina sifa wala lawama. Bosi alikuwa Simpson, McLoughlin aliacha kazi 1846.

Maswali ya stima za ziwa Victoria na Tanganyika nimeyaweka pembeni, yamefika mengi, nayapangia nafasi yake toleo lijalo. Anayetaka kuongeza lake atume mapema na aandike kwa kifupi jamani, yule wa kurasa saba nimemsoma mpaka katikati.